Miezi 5 na mtaalamu wa lishe anayekuja nyumbani Wete

Walimu wenzangu wawili, jirani yetu wa nyuma na mjomba aliyeko Unguja wote wameniuliza swali moja: kumlipa mtu wa lishe aje nyumbani kunafaa kitu, au ni pesa ya kutupa? Kila mmoja nimemjibu kwa simu, na kila mmoja nimempa nusu ya habari. Nimeona bora niiandike yote, maana najua Pemba hii kuna nyumba nyingi kama yetu, zenye mgonjwa wa kiharusi kitandani, kopo la dawa za sukari dirishani, na binti anayetoka kazini mbio ili awahi kumlisha.

Kwetu imefaa, na ningelipa tena. Lakini nilianza kwa kulipa mahali pengine na nusura nimpoteze mama, kwa hiyo sitosema kwamba kila anayejiita wa lishe anafaa.

Mama yangu ana miaka 73. Mwezi wa Agosti mwaka jana alianguka akitawadha kwa sala ya alfajiri. Upande wa kulia wote ukalala, ulimi ukawa mzito, na kumeza kukawa mtihani: maji yanampalia, chai inampalia, wakati mwengine hata mate yake mwenyewe. Sukari alikuwa nayo tangu zamani, miaka 11, na presha pia. Kadi yake ya kliniki ya kabla ya kuugua imeandikwa kilo 61.

Ushauri wa kwanza wa chakula tuliupata mahali ambapo sitopataja. Tulipewa karatasi moja, ya mwaka gani sijui, imechapishwa mpaka wino umefifia. Imeandikwa brokoli, tufaha, mtindi usio na mafuta, mkate wa ngano isiyokobolewa. Mkate, kwa mtu ambaye tonge ya kitu kikavu inaweza kumkaba! Kwa mdomo tukaambiwa aache wali, aache muhogo, aache ndizi, aache viazi. Hakuna aliyeuliza anameza dawa gani. Mimi ni mwalimu, nimezoea kutii kilichoandikwa, nikatii. Mama akawa anapata supu na mchicha uliopondwa, na vidonge vyake vya sukari, glibenklamaidi, vikaendelea vile vile.

Usiku wa siku ya 6 niliamka nikamkuta amelowa jasho, ngozi baridi kama samaki wa barafu, macho yamefunguka lakini hanijui. Kipimo cha sukari cha kidole kikasema 2.9, chini mno. Kaka yangu alikuja na soda, akataka kumtilia mdomoni, nikamshika mkono kwa nguvu, kwa sababu nilijua ile soda ingeingia kwenye pumzi. Tukambeba kwa gari ya jirani, hospitali wakamtundikia dripu ya sukari, na kulipopambazuka akaniita jina langu. Hilo jambo mpaka leo nikilikumbuka tumbo linanikata. Baadaye ndipo nikafahamishwa vizuri kwamba dawa ya aina ile inashusha sukari, mtu awe amekula au hakula. Ukikata chakula na dawa ukaiacha ilipo, unamchimbia mgonjwa shimo, na mzee hutumbukia upesi zaidi.

Huyu ninayetaka kumsifu nilimpata kwa mama wa mwanafunzi wetu mmoja, mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye naye kula kwake ni kwa taabu. Ni dada wa miaka 30 na kidogo, amesomea lishe ya wagonjwa, anakaa Chake Chake na anakuja kwa gari ya abiria ya njia ya 606. Ameniomba nisiandike jina lake kwa sababu wagonjwa alionao wanamtosha. Anayemhitaji kweli aniulize mwenyewe, nitamuuliza yeye kwanza.

Ziara ya kwanza ilikuwa shilingi 40,000, na ilichukua saa 2 na dakika 40, nimezihesabu. Zilizofuata ni 25,000 kila moja, nauli imo humo humo. Mwanzo alikuja kila baada ya wiki 2, sasa mara moja kwa mwezi. Kwa miezi 5 amekuja mara 8, jumla 215,000. Mama anapata Pensheni Jamii, ile iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, ambayo baadaye ilipandishwa ikawa 50,000. Kwa hiyo nilipopiga hesabu nikaona mama amejilipia mwenyewe, na pesa ikabaki. Nilimwambia hivyo, naye alifurahi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya kwanza alipiga hodi, akamwamkia mama, akakaa chini karibu naye, na nusu saa nzima hakuuliza habari ya ugonjwa. Aliuliza mama alikuwa anapika nini Idd, nani alimfundisha, samaki gani anampenda. Mama akamjibu kwa ulimi wake mzito, neno moja moja, na yeye akasubiri kila neno limalizike. Hakuna hata mara moja aliyonigeukia mimi nimtafsirie. Kisha akaomba aone dawa zote, akazimimina kitambaani akazihesabu. Akaomba aone upawa, vikombe, chujio, na kopo la chumvi. Akauliza pakiti ya chumvi ya nusu kilo inakaa siku ngapi. Nikasema siku 10, na nyumbani tuko watu 6. Akaandika kwenye daftari lake, akanionesha: gramu 50 kwa siku, ukigawa kwa 6 ni zaidi ya gramu 8 kwa mtu, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Nimesomesha hesabu miaka 16 na sijawahi kuitumia kwenye kopo la chumvi la nyumbani kwangu.

Halafu uzito. Mama hawezi kusimama, na hospitali walikuwa wanakisia tu. Huyu dada akauliza nani hapa mtaani ana mzani wa kupimia magunia. Tukaenda duka la jumla, mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili wamembeba kama bibi harusi, wakamweka juu ya mzani na kiti chake. Kilo 51. Kiti peke yake kilo 2 na nusu. Mama yangu alikuwa kilo 48 na nusu. Kutoka 61, humusi nzima ya mwili wake ilikuwa imeondoka kwa miezi 3, na sisi tulikuwa tunaona tu kwamba "amepungua kidogo". Akampima pia kwa utepe, mkono wa juu na shavu la mguu, kwa upande ulio mzima, akaniachia utepe ule niwe nampima kila Ijumaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya.

Mchana ulipofika alisema tulete chakula cha siku zote na tumlishe kama tunavyomlisha. Yeye akakaa pembeni kwenye mkeka, akanyamaza. Nikampa mama kijiko cha kwanza, akala. Cha pili akala. Cha tatu akafumba mdomo na kugeuza uso ukutani. Nikasema ndiyo hivi kila siku, hana hamu ya kula. Dada akanitazama, akasema, "Mwalimu, naomba unipishe na mama kidogo."

Niliporudi mama analia. Kwanza nilikasirika, nikadhani amemsema. Kumbe mama amemwambia kitu ambacho mimi bintiye, ninayelala naye chumba kimoja tangu aanguke, sikukijua. Hamu ya kula anayo. Anaona haya kulishwa na mwanawe mbele ya wajukuu. Na mkono wa kushoto, ambao ni mzima, hathubutu kuupeleka mdomoni, kwa sababu kwenye chuo cha Kurani alifundishwa, na sisi sote ametufundisha kwa makofi ya mkono, kwamba mtu hula kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kulia umekufa. Basi alikuwa anakula vijiko viwili vitatu ili tusimsumbue, kisha anafunga mdomo na kukaa na njaa yake.

Mama alimwambia dada, "Miye si mtoto, na wala si mtu wa kula kwa kushoto."

Dada hakumjibu kwa hoja zake. Alisema hili si la kwake, ni la Maalim, na akauliza kama msikitini kwetu yupo mtu mama anamwamini. Yupo. Alikuja baada ya sala ya Alasiri, akaketi, akamwambia mama kwamba amri ile ni kwa mwenye uwezo, na mwenye udhuru amesamehewa, ale kwa kushoto, aanze kwa bismillahi kama siku zote. Maneno hayo hayo ningeyasema mimi, mama asingeyakubali. Nimefikiri sana habari hii. Tulikuwa tayari kununua dawa za kuongeza hamu ya kula, tena tumeshaulizia bei.

Kisha yakafuata mambo madogo ya mikono. Kijiko kilizungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli ili mpini uwe mnene, ushikike. Bakuli likawa lile zito la ukuta wima, na chini yake kitambaa kilicholowa maji lisiteleze. Mama akaketishwa wima kabisa, mito ya sufi ubavuni upande ulioanguka, na akimaliza abaki wima dakika 30 kabla ya kulazwa. Mdomo usafishwe baada ya kila mlo, upande wa kulia wa shavu hasa, maana chakula hubaki pale bila yeye kukihisi, na kikiteremka usiku kinakwenda kifuani. Mtu akae naye muda wote anapokula, lakini asimshikie kijiko. Siku ile ya kwanza alimwaga nusu kwenye kanga yake. Nusu nyengine aliila mwenyewe, na ilikuwa nyingi kuliko mlo wowote niliowahi kumlisha kwa mkono wangu.

Kwenye kumeza, kwanza alisema wazi kwamba si yeye wa kuamua mgonjwa ameze nini. Akataka maandishi ya daktari. Daktari alikuwa ameshamjaribu na kuandika kwamba vinywaji viongezwe uzito na chakula kiwe laini kabisa kisicho na chembe. Lakini sisi tulikuwa tumeambiwa "mpeni vitu vizito" basi, na uzito wa mtu mmoja si uzito wa mwengine. Uji wangu ulikuwa unakatika kwa kisu, uji wa wifi yangu unatiririka.

Alitufahamisha kwamba duniani kuna ngazi 8 za uzito huu, kuanzia 0 ambayo ni maji matupu mpaka 7 ambayo ni chakula cha kawaida. Mama alipangiwa ngazi ya 2 kwa vinywaji na ya 4 kwa chakula. Ngazi ya 2 inapimwa kwa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake. Unaziba tundu la chini kwa kidole, unajaza mpaka 10, unaachia, unahesabu sekunde 10, unaziba tena. Ikiwa iliyobaki ni kati ya 4 na 8, ndiyo yenyewe. Na si kila bomba linafaa, alipima kwa rula kwanza: mistari kutoka 0 mpaka 10 iwe na urefu wa milimita 61.5. Wanangu sasa ndio wapimaji wa nyumba, wanagombania zamu.

Poda maalumu ya kuongezea vinywaji uzito sikuipata katika duka lolote la dawa hapa Wete. Yeye akauliza, "Wanga wa halua si upo?" Upo, Wete tena! Wanga unapikwa na maji kidogo mpaka unang'ara, unatiwa kwenye chai au juisi ya ukwaju, unakorogwa, unaachwa upoe mpaka pale mama anapoweza kunywa, ndipo unapimwa, kwa sababu wanga ukipoa huzidi kuwa mzito. Na kuna jambo alilolirudia mara 3: kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kikombeni. Mate yanavunja wanga, na kinywaji kilichokuwa salama kinarudi kuwa maji mbele ya macho yako. Tulikuwa tunafanya kosa hilo kila siku. Nilijiuliza mara ngapi tulimpalia mama kwa kumrudishia kijiko.

Tena wanga ni wanga, na mama ana sukari. Vijiko vya siku nzima alivijumlisha, akasema vinakaribia kikombe kimoja cha wali, basi akavitoa kwenye hesabu ya chakula chake cha asubuhi na jioni. Karatasi ya kwanza isingeweza kuwaza hilo. Ilimkataza wali mtu, na kama angeongezewa wanga kwenye chai isingejua.

Chakula cha ngazi ya 4 kinakaa juu ya kijiko, ukikiinamisha kinadondoka kwa mkupuo mmoja, hakibaki kimenata. Tulijaribu vyakula vyetu kimoja kimoja, mimi, wifi na yeye, jikoni, jasho linatutoka. Ugali ulianguka mtihani. Wali uliopondwa ukawa kama gundi. Shelisheli lilinata mpaka tulipolilegeza kwa mchuzi wa samaki, likapita. Muhogo ukapita baada ya kutolewa uzi wa katikati, kupikwa sana na kupitishwa kwenye chujio. Choroko zikapita. Na boko boko likapita vizuri kuliko vyote, lilihitaji chujio tu. Ngano na kuku, vimepikwa na kupondwa kwa mwiko mpaka vimeshikana, chakula cha Idd na cha harusi. Mama alipoliona bakuli lile mbele yake siku ya Jumanne ya kawaida, aliuliza leo nani anaoa.

Kilichonipunguzia kazi zaidi ni kwamba alikataa mama apikiwe chungu chake. Chungu kimoja cha nyumba nzima, chumvi kidogo, na cha mama kinatolewa kabla wengine hawajaongeza yao. Ndimu na pilipili manga na tangawizi vikachukua nafasi ya chumvi, na baada ya wiki 3 hakuna mtu nyumbani aliyelalamika. Dagaa wetu, kwa vile huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wanarowekwa na maji yanamwagwa. Papa mkavu alimwondoa kabisa, na hapo mimi ndiye niliyeumia. Samaki akawa jodari au nguru, wenye miba ya kuonekana, si samaki wa aina ya changu. Nazi, nilidhani ataipiga marufuku. Hakuipiga. Alisema mtu aliyepoteza kilo 12 na nusu anahitaji mafuta, basi tui zito nusu kikombe liingie kwenye uji wake wa asubuhi mpaka uzito urudi, na mchuzi wa kila siku uwe wa tui la pili. Katika mwezi wa 4 wa huduma yake, uzito uliporudi kiasi, akalipunguza.

Dawa hakuzigusa. Aliandika barua ya nusu ukurasa kwa daktari wa mama, akaeleza ule usiku wa 2.9 na kiasi mama anachokula kwa siku, nikaipeleka mwenyewe. Daktari aliisoma, akaondoa kidonge cha jioni. Na dirishani sasa lipo kopo lenye vijiko 3 vya chai vya sukari, ambayo tunaiyeyusha kwenye kinywaji kilichotiwa wanga: kipimo kikiwa chini ya 4 na mama yuko macho na anameza, apewe, tusubiri dakika 15, tupime tena. Akiwa amelegea haitikii, kisiingie kitu mdomoni, ni gari na hospitali. Imeandikwa kwa herufi kubwa na imebandikwa ukutani, kaka yangu ameisoma mbele yangu.

Ramadhani ilikuja mwezi wa 4 wa huduma hii. Mama alitaka kufunga, daktari akakataa, dada naye akakataa. Tukamtolea fidia, kibaba kimoja kwa kila siku, aliwachagua mwenyewe wa kupelekewa. Lakini hakutengwa na futari. Alipangiwa bakuli lake la uji wa ngano wenye pilipili manga na tende moja iliyorowekwa na kuchujwa, akakaa nasi mkekani, adhana ikaadhiniwa, akanyoosha mkono wake wa kushoto pamoja na sisi.

Yasiyonipendeza pia yapo, na nimemwambia mwenyewe kabla ya kuyaandika.

Kubwa ni hili. Ziara ya kwanza alinifundisha mimi, kila kitu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempigia simu. Anayekaa na mama mchana ni wifi yangu, mimi niko skuli. Wiki 3 nzima mlo wa mchana ulikwenda vibaya, wifi akifanya kwa kukisia na akiogopa kuuliza, na mama akapaliwa mara mbili. Mtu anayekuja nyumbani kwa watu aulize kwanza nani anashika kijiko saa 7 mchana. Alikiri, na ziara iliyofuata aliifanya na wifi peke yake bila kunitoza nyongeza.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa kwa gramu, na sisi hatuna mzani jikoni. Tukamrudishia, akauandika upya kwa upawa na vikombe, lakini ilichukua wiki. Mara mbili hakuja. Moja ilikuwa mvua, naelewa, ya pili hakutoa taarifa mpaka usiku, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Ujumbe wa sauti ukimtumia asubuhi, jibu linaweza kuja saa 4 usiku. Kwa swali la chumvi haina neno. Kwa mgonjwa anayekohoa kila akimeza, huo ni muda mrefu, na nilijifunza kwamba mambo hayo ni ya hospitali moja kwa moja, si ya kumsubiri yeye.

Na bei. Sisi tuna mshahara wangu na pensheni ya mama. Yule mama wa mwanafunzi aliyenionesha njia ameweza kulipia ziara 2 tu, kwa pesa ya mchezo wa kina mama wenzake, na mtoto wake anahitaji zaidi kuliko mama yangu, kwa sababu yeye bado anakua. Hili linaniuma na sitalificha. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 25 kinataka huduma za afya ziwe karibu kabisa na watu wanapoishi, vijijini nako. Mtu wa lishe mwenye bomba la mililita 10, utepe na daftari si mashine ya mamilioni. Ningependa nimkute kwenye zahanati, siku moja kwa wiki, na yule mama aende kwa miguu na mwanawe.

Mwezi wa Novemba tulipoanza, sukari ya mama ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa inacheza 13 na 14. Sasa ni 7 na nusu mpaka 8 na kidogo, na haijashuka chini ya 4 hata mara moja. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 kilikuwa asilimia 10.4, cha mwisho ni 8.1, na daktari amesema kwa umri na hali yake kinamtosha, tusikimbize zaidi. Uzito kwenye mzani wa magunia ni kilo 53. Kule kupaliwa na kukohoa akila kumekoma. Vijana wa duka la jumla wakituona tunakuja wanauliza "bibi leo ameongeza ngapi?", na yeye anawajibu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita, dada alipokuwa anakunja utepe wake aondoke, mama alimshika ukosi wa baibui akamwambia anataka pweza. Wa nazi. Wifi akacheka, mimi nikasema mama, pweza anatafunwa. Dada hakucheka. Aliketi tena, akafungua daftari, akamuuliza mama pweza wake alikuwa anampika saa ngapi, alikuwa anampiga kwanza au la, na alikuwa anamtia ndimu mwanzo au mwisho. Akasema atanunua mmoja Chake, amjaribu kwake kwa kinu na chujio, na akipita kwenye kijiko atakuja naye. Mama amemtajia na aina ya nazi.